Vitabu vya advansi virudieni jamani, safari hii bila kutafuta dhamira

Nianze na hili kabisa ili asiyetaka maneno mengi achukue aondoke zake: kama ulisoma HKL au HGK (ile michepuo ya fomu faivu na siksi yenye Kiswahili ndani) ukatoka shule unakichukia Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kirudie. Kirudie mwaka huu huu, baridi hii hii ya Mbeya, kaa na jiko lako la mkaa karibu (dirisha liache wazi kidogo tusije tukakuzika), soma kama mtu anayesikiliza umbea wa mtaa wa pili. Ni kitabu kitamu balaa na sisi tulifichwa.

Maana tulivyofundishwa mnakumbuka wenyewe. Mwalimu anaingia, anachora mstari katikati ya ubao, fani huku maudhui huku, halafu inaanza mvua: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, mhusika bapa, mhusika duara, matumizi ya tamathali, mifano mitatu mitatu. Kitabu chenyewe kopi moja inagombaniwa na darasa zima kwahiyo wengi wetu tulisoma kile kijitabu cha uchambuzi tu, tukaingia kwenye mtihani tukamwaga tulichokariri, wengine wakapiga A kabisa, na mpaka leo hawajui Yasmin mwisho wake nini. Siwalaumu walimu sana, nao walikuwa wanakimbizana na silabasi. Ila matokeo yake ni kwamba una watu wazima mjini hapa wana digrii zao na ukiwaambia riwaya ya Kiswahili wanasikia harufu ya chaki.

Kopi yangu nimeiokota kwa wauza vitabu vya mtumba Mwanjelwa, buku tatu, jalada la nyuma halipo. Aliyekuwa nayo kabla yangu ni mwanafunzi, kaandika pembeni kwa bic ya bluu kila ukurasa. Yasmin akilia, pembeni UKOMBOZI WA MWANAMKE. Denge akifungua mdomo tu, MSIMAMO WA KIMAPINDUZI, kapigia mistari miwili. Kuna mahali watu wanataniana tu, utani wa kawaida wa vijana wenye njaa, yeye kaandika "falsafa?" na alama ya kuuliza kubwaa. Basi nilikuwa nasoma vitabu viwili kwa mpigo, cha Adam Shafi na cha huyu dogo. Halafu kufika katikati hivi maandishi yakakata ghafla, kurasa nyeupe pee mpaka mwisho. Ama mtihani ulifika ama kanogewa akasahau kalamu, mimi naamini alinogewa.

Stori yenyewe kwa ufupi bila kuwaharibia: Zanzibar ya mkoloni Mwingereza, binti wa Kihindi Yasmin anaozeshwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa umri wa kumzaa. Anavumilia, anachoka, anatoroka. Kwao hawamtaki tena kwasababu kawaaibisha. Anayempokea ni Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo hapo hapo mjini Unguja, mwanamke maskini wa Kiswahili ambaye hana kitu ila ana roho na ana mdomo, na huyu Mwajuma kwangu mimi ndiye mwenye kitabu, waliobaki wote wageni wake. Humo ndimo Yasmin anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi na mambo yake ya kumtoa mkoloni, na polisi wanamfuata usiku na mchana. Kuna mapenzi, kuna ulevi, kuna taarabu, kuna kukimbizana na Koplo Matata, siasa imo lakini haikukalii kooni. Shule walitupa siasa tu wakaacha vingine vyote.

Wengine mtasema mmeona filamu yake, ile ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyofika mpaka Toronto. Ni nzuri, picha zake zinapendeza sana, sina ugomvi nayo. Ila kitabu kina muda wa kukaa jikoni na Mwajuma na filamu haina huo muda, basi tu.

Lawama yangu moja: mwishoni mwishoni mambo yanaenda mbio. Yasmin anahamishwa hapa anapelekwa pale mpaka unaona mwandishi anaangalia saa. Nusu ya kwanza ndiyo iliyotulia. Hata hivyo kimechapwa 1999 na mpaka leo kinasomeka kama cha juzi, sio vingi vya hivyo.

Cha pili Rosa Mistika, Kezilahabi, 1971. Hiki nikawaambie ukweli, sio kitabu cha kusomea ukiwa na mawazo yako. Kinakukata. Zakaria mlevi wa Ukerewe, mkewe Regina anayebeba nyumba nzima mgongoni, na mabinti wao, Rosa ndiye mkubwa. Baba anamkuta na barua ya kijana anaitwa Charles na kipigo kinachofuata pale ndicho kinachosukuma kitabu kizima, maana binti aliyefungiwa asijue chochote kuhusu wanaume anakuja kuachiwa duniani akiwa mtu mzima, shule ya bweni Mwanza halafu chuo cha ualimu Morogoro, na dunia haimwonei huruma. Kilipotoka wakubwa walikipiga marufuku mashuleni, kwamba kinaharibu watoto. Baadaye kikageuka kuwa kitabu cha kufundishia. Hapo mnajionea wenyewe.

Hiki nilimuazima mama mwenye nyumba wangu, mama wa Kinyakyusa wa Tukuyu, mtu mzima, anasoma Biblia na magazeti ya kufungia maandazi. Kikakaa kwake weee nikajua kimekwenda na maandazi. Siku kakirudisha kakishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu, huyu Zakaria mimi namfahamu."

Nikamwambia mama, hicho cha Ukerewe huko ziwani, sio huku.

"Ukerewe wapi. Namfahamu. Kafa, tumemzika." Halafu akauliza, "Na huyo aliyeandika yupo?"

Nikamwambia alifariki Januari 2020. Akasikitika kidogo, akasema angefika huku kwetu angepata cha kuandika cha pili. Akachukua ndoo yake akaenda zake bombani. Sijasikia uchambuzi mzuri kuliko huo na hakutaja dhamira hata moja.

Mnaouliza kama watoto wasome: fomu foo kwenda juu, na mzazi asome kwanza yeye. Kina vitu. Ila binti wa miaka kumi na saba kwenye hosteli za mjini anavijua hivyo vitu kukuzidi wewe, kwahiyo bora avisome mahali ambapo vinasemwa na mwisho wake.

Huyo huyo Kezilahabi ana Nagona, ya 1990, kembamba, kepesi mkononi, nikasema hiki namaliza leo. Kheee. Sijui kaingia wapi sijui katokea wapi, ndoto juu ya ndoto, watu wanaongea kama wafu. Rafiki yangu mwalimu wa Kiswahili kule Mafinga anasema ndio kitabu bora kuliko vyote kwa Kiswahili, mimi namheshimu kaka yangu huyo ila kwa hapa tulipofika simshauri mtu aanze nacho. Ukitoka Rosa nenda Kichwamaji au Dunia Uwanja wa Fujo, Nagona iache mpaka ushibe.

Sasa hiki kingine ndicho kilichonikalisha macho mpaka usiku wa manane, umeme ukakatika nikawasha tochi ya simu: Peponi. Ni kile cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyechukua Nobel 2021. Yeye huwa anaandika kwa Kiingereza, na hiki alikitoa 1994, lakini 2022 Mkuki na Nyota wakakitoa kwa Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis. Mimi Kiingereza nasoma, sio kwamba sisomi, ila Kiingereza nasomea mkataba na maelekezo ya dawa. Kitabu cha kupumzikia nataka lugha yangu.

Yusuf, kitoto cha miaka kumi na mbili, kinachukuliwa na tajiri Aziz ambaye siku zote kinamuita kwa heshima kama ndugu wa familia, kumbe baba yake anadaiwa na mtoto ndio rehani. Yani dhamana. Mtu anawekwa rehani kama shamba. Mimi ni wakala wa pesa za simu, kila siku naona watu wanakopa kwenye simu wanaweka namba za ndugu zao kama wadhamini bila hata kuwauliza, kwahiyo hiyo sehemu niliisoma polepole. Dukani Yusuf anamkuta Khalil, kijana mwingine aliyeletwa kwa njia ile ile, mcheshi, ana maneno, anagombana na wateja siku nzima, na vibarazani wamekaa wazee kazi yao kumcheka. Kuna mteja anaitwa Ma Ajuza, mama mnene, kampenda Yusuf hadharani bila soni anamuita mume wangu, anamvizia, anamkumbatia mbele za watu, mtoto anakimbilia nyuma ya magunia. Nilikuwa kibandani mtaa wa Soweto hapa Mbeya, mteja kaja kutoa elfu ishirini kanikuta nacheka peke yangu, akahesabu hela yake mara mbili.

Halafu safari inaanza, msafara wa biashara kuingia bara, wapagazi, mnyapara mkali, magonjwa, hongo kwa kila mtemi, na hapo ndipo sisi wa huku tunaanza kujiona. Maana katika vitabu vya pwani sisi wa bara mara nyingi ndio "huko ndani", ndio porini penye washenzi, na mwandishi anajua hilo, anawaacha wahusika wake waseme upuuzi wao wote kuhusu sisi halafu anawaonyesha wanavyofika na kuumbuka. Kwa mtu wa Mbeya ni raha yake ya kipekee kusoma. Na nyuma ya yote Mjerumani anakuja, kwanza kama tetesi, halafu buti zake unazisikia. Katikati pale msafarani kinachosha kidogo, sikatai, kurasa za tembea tukalala tembea tukalala. Vumilia. Mwisho wake nimemaliza nikarudi kurasa mbili nyuma kuhakikisha nimeelewa alichofanya yule mtoto. Nilikuwa nimeelewa. Bado nina hasira naye.

Na ukishafika kwa Mjerumani basi ndugu zangu wa Iringa, kamwene (salamu yenu hiyo), mnajua naelekea wapi. Mukwava wa Uhehe, tamthiliya ya Mulokozi, 1979. Kopi niliyosoma ya kuazima Iringa mjini, kurasa za katikati zimeshikiliwa na gundi ya maji. Sisi tumekua na stori za Mkwawa kwenye mtaala kama mistari ya kukariri: Lugalo 17 Agosti 1891 kaua kamanda wa Kijerumani Zelewski, 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka, 1898 akajipiga risasi asikamatwe, fuvu likaenda Ujerumani, likarudi 1954 enzi za gavana Twining. Sawa. Kwenye tamthiliya watu wanapumua. Unamuona mtawala anashauriwa, anabishiwa, anaamua. Mimi tamthiliya huwa nashindwa kuzisoma kimya kimya, kwahiyo hiki nimesoma kwa sauti na wadogo zangu, mmoja kashika Wajerumani wote, jirani akagonga ukuta.

Ushauri wa bure, kisome halafu nenda Kalenga, sio mbali, kama kilomita 15 kutoka mjini Iringa, fuvu lipo kwenye makumbusho pale ndani ya kabati la kioo. Ukienda bila kusoma utaona fuvu. Ukienda umesoma utakaa muda kidogo na mwongozaji atakuzoea.

Shaaban Robert nitapita haraka maana wote mnamjua kwa jina na ndio tatizo lenyewe, tunamjua kwa jina. Kusadikika, kilichotoka 1951, ni kifupi mno, Karama anashtakiwa na waziri anaitwa Majivuno (majina ya Shaaban hayazunguki mbuyu) kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na utetezi wake wote ni kuhadithia wajumbe waliotumwa pande zote za dunia na hata mbinguni kutafuta mema, wakirudi nayo wanafungwa. Lugha yake ya kizamani, sentensi ndefu za kiungwana, mwanzo utasinzia. Dawa yake isome kwa sauti au msomee mtoto wakati viazi vinachemka. Nilivyosoma wale wajumbe nikafikiria vikao vya mtaa nilivyohudhuria, sitaki kusema zaidi.

Na kwa asiyetaka yote haya, anayetaka tu asafiri Mbeya Dar usiku usimuishie njiani, tafuta riwaya za upelelezi, za Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba, au za Mtobwa na Joram Kiango wake. Hivi havikuwahi kuingia darasani na ndio maana baba zetu walivisoma mpaka vikachanika. Willy Gamba anapambana na makaburu na vibaraka wao enzi zile harakati za ukombozi kusini mwa Afrika zinaratibiwa kutoka Dar, anapiga mtu, anavaa suti, anapendwa na kila mwanamke anayefungua mlango. Wanawake wamechorwa ovyo kabisa, dada zangu mtakasirika na mna haki. Ila mwendo! Hakuna ukurasa uliokaa bure. Kitonga, ule mlima wa kona kali njia ya Dar, niliipita sikuiona na mimi Kitonga huwa siipiti bila kusali.

Sasa upatikanaji, maana nikisifia bila kusema vinapatikana wapi mtanitukana. Mbeya ukweli ni huu: maduka mengi ya vitabu ni ya daftari, vitabu vya kiada, na Biblia. Kuna duka moja mjini, jina nalihifadhi, niliuliza riwaya za Kiswahili dada akaniuliza "ya darasa la ngapi?" nikasema yangu mimi, akaniangalia juu mpaka chini, akaniletea kitabu cha uchambuzi. Kwahiyo njia ni tatu nne hivi. Mtumba wa Mwanjelwa, hasa shule zikifunga na baada ya fomu siksi kumaliza, ndio wanauza, usiende wiki shule zinafungua, bei inapanda na vinabaki vya hesabu tu. Maktaba ya mkoa ipo, watu wameisahau, ada yake ya uanachama ndogo. Au unaagiza Dar kwa wachapishaji wenyewe wanakutumia kwa basi, kilomita zaidi ya 800 hizo na kinafika kesho yake, unakifuata stendi ya Nane Nane na kitambulisho chako. Angalia tu wakifunge vizuri, changu kimoja kilisafiri karibu na dumu la mafuta ya kula na sasa sura ya tatu inang'aa. Kampuni ya basi siitaji, tulishasameheana.

Njia ya nne ndio hii ninayoifanya, kuazimana. Tupo watu wachache, mmoja Tukuyu, mmoja Makambako, yule mwalimu wa Mafinga, na mimi, vitabu vinapanda kosta na watu tunaowajua. Masharti madogo tu: ukikunja ukurasa unakula fimbo, ukiandika pembeni unaruhusiwa lakini usiandike dhamira, na mtu akikaa nacho mpaka mvua za masika anatangazwa.

Kwa sasa Peponi kipo Makambako, Rosa Mistika kaniomba tena mama mwenye nyumba anataka kumpa dada yake wa Kyela kwahiyo hicho kihesabuni hakipo. Vuta N'kuvute cha bic ya bluu kipo hapa kibandani, anayekitaka aje nacho cha kubadilishana. Natafuta Gamba la Nyoka cha Kezilahabi, kile cha enzi za vijiji vya ujamaa, na Haini cha Adam Shafi. Mwenye navyo Njombe, Songea, hata Sumbawanga aseme, nauli ya kitabu kuja nalipa mimi, ya kurudi tutaongea.